Tulivyomtembelea Binti Yetu Italia, na Tulichorudi Nacho

(Maneno ya mama mmoja, mweka hazina wa kikundi, aliyoyatoa mbele ya vikundi vya kujisaidia vya Kithyoko na Masinga. Tunayachapa karibu kama alivyoyasema, kwa sababu vikundi vingi vimekuwa vikituuliza juu ya masomo ya ng'ambo.)

 

Nimeombwa niseme juu ya safari yetu, mimi na mzee wangu, kwenda Italia. Najua maneno yamesemwa mengi. Wengine walisema tumeuza shamba. Wengine wakasema binti ameolewa na Mzungu na sisi tulienda kuchukua mahari. Sasa wacha niwaeleze jinsi mambo yalivyokuwa, pamoja na hesabu, kwa sababu sehemu ya pesa ilitoka kwa kikundi na ni haki yenu kujua.

Binti yetu anasoma kilimo katika chuo kikuu hapa Kenya. Chuo chake kina mapatano na Chuo Kikuu cha Torino, mji ulio kaskazini ya Italia karibu na milima yenye theluji. Mapatano hayo yako chini ya mpango wa nchi za Ulaya unaoitwa Erasmus+. Mwanafunzi huenda muhula mmoja, husoma huko, hufanya mitihani huko, kisha hurudi kumaliza digrii yake hapa. Yeye aliondoka Septemba 2024 akarudi Februari 2025.

Sikilizeni hapa vizuri. Mwanafunzi aliyechaguliwa katika mpango huo halipi karo kule. Badala yake yeye ndiye hupewa pesa ya kujikimu, kati ya euro 850 na 900 kwa mwezi kwa nchi kama Italia, na hupewa msaada wa nauli. Hakuna broka. Tangazo huwekwa na chuo chenyewe, mwanafunzi hupeleka barua na matokeo yake, na hapo hushindana na wenzake. Nasema hivi kwa sababu kuna mtu aliyepita katika soko zetu akiwaambia wazazi kwamba ana "nafasi za Italia" kwa shilingi 350,000. Kuna jamaa wa hapa, sitawataja, waliouza ng'ombe dume wawili wakampa malipo ya kwanza. Simu ya huyo mtu haishiki mpaka leo. Mtu akikuuzia nafasi ambayo chuo hutoa bure kwa mashindano, huyo anakuuzia hewa.

Kuna karatasi moja ambayo mzazi aulize kwa jina hata kama hakusoma. Ni mapatano ya masomo. Hutiwa sahihi na watu watatu, yaani mwanafunzi, chuo cha hapa na chuo cha kule. Imeandikwa ndani yake masomo gani atasoma huko na yatahesabiwa badala ya yapi hapa. Bila sahihi hizo tatu mtoto anaweza kurudi na alama nzuri zikakataliwa, kisha arudie muhula mzima kwa karo yako wewe. Mzee wangu alimuuliza binti juu ya karatasi hiyo kila Jumapili kwa simu mpaka akachoka naye.

Sasa, mbona sisi tukaenda? Hilo ndilo swali mliloniuliza katika mkutano wa kikundi, na mmoja wenu aliuliza kwa ukali. Nitajibu bila kuficha. Sababu ya kwanza ni woga. Huyu ni mtoto wetu wa kwanza, na hajawahi kulala mbali kuliko Nairobi. Katika mwezi wa pili wa masomo alianza kusema kwa simu kwamba kuna njia ya kubaki. Mama akisikia neno kama hilo halali. Sababu ya pili ni ya mzee. Yeye alitaka kuona jinsi wale watu wanavyoyakausha mahindi, maana binti alikuwa amemwambia kwamba hilo ndilo somo lake.

Hesabu ni hii. Tiketi mbili kwa njia ya Addis Ababa mpaka Milano zilitugharimu karibu shilingi 190,000. Visa ya kutembea ni euro 90 kwa kila mtu mzima, na wakala anayepokea maombi huongeza ada yake. Bima ya safari ni sharti, nayo lazima igharamie matibabu ya mpaka euro 30,000. Malazi yalikuwa ya bei ya chini, katika nyumba ya wageni ya masista, kwa maana bweni la wanafunzi haliruhusu wazazi kulala. Pesa ilitoka kwa akiba ya mzee ya ualimu, kwa mbuzi saba, na kwa mkopo wa shilingi 70,000 kutoka kwa kikundi hiki. Mkopo huo nimeurudisha kwa miezi kumi na riba yake, na kitabu kiko pale mezani. Aliye na shaka akifungue.

Ubalozi ulitaka kujua jambo moja tu, hata kama waliliuliza kwa karatasi kumi. Je, hawa watarudi? Tuliweka hati ya shamba, barua ya pensheni ya mzee, karatasi za benki za miezi sita, barua ya mwaliko, barua ya chuo kuonyesha kwamba binti ni mwanafunzi wao, na cheti cha kuandikishwa kwa kikundi pamoja na barua ya mwenyekiti kwamba mimi ni mweka hazina. Sijui ni karatasi gani iliyowaridhisha. Lakini nawaambia wale wenye vikundi ambavyo havijaandikishwa, cheti hicho kina kazi zaidi ya kuomba mbegu.

Ratiba nayo ilikuwa ngumu. Mwezi wa kumi ni wetu wa kupanda. Tulipanda kwenye vumbi wiki ya kwanza, mwethya wakatusaidia siku mbili, Mungu awabariki, na tukaondoka tarehe 14 Oktoba. Tulikaa siku kumi na mbili. Tuliporudi mvua ilikuwa bado haijaanza vizuri, kwa hivyo shamba halikutusubiri kwa hasara.

Safari yenyewe sitaieleza sana. Ndege ni kama matatu isiyosimama. Kutoka uwanja wa ndege wa Malpensa tulipanda basi karibu saa mbili mpaka Torino. Mvua ilikuwa ikinyesha kila siku na baridi iliniingia mpaka kwenye mifupa, na mimi nilidhani sweta mbili zingetosha.

Binti alikuja kutupokea. Amekonda kidogo, lakini macho yake yalikuwa sawa. Alituonyesha mahali anapokula, jikoni kubwa la wanafunzi linalosimamiwa na shirika la mkoa liitwalo EDISU Piemonte. Anayetoka jamaa yenye mapato madogo hulipa kidogo. Alituonyesha pia kadi zake. Mgeni akikaa Italia zaidi ya siku 90 sharti aombe kibali cha kukaa ndani ya siku nane za kazi baada ya kufika, na fomu huchukuliwa posta. Gharama zake zinapita euro 100, na pesa hiyo hakuna anayekuambia ukiwa Kenya. Mzazi, mpe mtoto hiyo pesa mkononi anapoondoka. Msaada wa mwezi wa kwanza unaweza kuchelewa, na siku nane hazichelewi.

Mitihani yao ina desturi ambayo ilinishangaza. Mara nyingi mwalimu humwita mwanafunzi mbele yake na kumuuliza kwa mdomo, wenzake wakisikia. Alama ni juu ya 30, na kufaulu ni kuanzia 18. Tena mwanafunzi akiona alama ni ndogo, kwa kawaida anaweza kuikataa na kurudi siku nyingine! Mzee wangu, aliyefundisha miaka thelathini, alitikisa kichwa. Alisema hapa watoto wangekataa mpaka mwaka uishe.

Jumapili ya tarehe 20 Oktoba ilitukuta huko. Siku hiyo Papa Fransisko, kule Roma, alimtangaza Padre Giuseppe Allamano kuwa mtakatifu. Allamano ni mtu wa Torino, na mwaka 1901 alianzisha shirika la Wamisionari wa Consolata. Mwaka uliofuata, 1902, wamisionari wake wa kwanza wanne walifika Tuthu, Murang'a. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika Kenya. Tuliingia katika kanisa la Consolata, mimi na mzee na binti, na watu walipojua tunatoka Kenya walitushika mikono kama jamaa waliopotea.

Sasa nifike kwa mahindi, kwa sababu hapa ndipo safari ilipojilipa.

Idara ya kilimo ya chuo hicho iko Grugliasco, nje kidogo ya Torino. Binti alikuwa akisoma juu ya ukungu unaoingia mahindi na sumu yake, aflatoksini. Nyote mnalijua neno hilo. Mwaka 2004 hapa kwetu, katika Makueni, Kitui, Machakos na Thika, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mimi nilidhani ni ugonjwa wa watu maskini wa nchi kavu. Kumbe mwaka 2003, mwaka mmoja tu kabla yetu, joto na ukame vilipiga kaskazini ya Italia na mahindi yao yakaingia sumu hiyo hiyo. Ng'ombe walilishwa mahindi hayo na maziwa yakatoka na sumu. Ikarudi tena mwaka 2012. Tofauti ni kwamba wao waligundua kwa kupima, na sisi tuligundua kwa kuzika.

Mwalimu wake mmoja alitupeleka mahali wakulima wanapoleta mahindi yakaushwe. Mimi nilitazama kwa macho ya mama mwenye ghala. Trekta inakuja na mahindi mabichi, yenye maji kama sehemu 25 kwa mia, maana wao huvuna kabla hayajakauka shambani. Kabla hayajamwagwa, chuma kirefu chenye tundu kinachomwa katikati ya mzigo, mahali pengi, kuchukua mfano. Wanapima maji. Wanapima sumu. Ndipo wanasema mzigo uende wapi, kwa watu au kwa mifugo, au usiende popote. Halafu mahindi yanapitishwa kwenye hewa ya moto mpaka maji yabaki kama sehemu 14 kwa mia. Mkulima anaondoka na karatasi. Hakuna mtu anayebishana kwa kutafuna punje.

Mzee aliuliza mashine ni pesa ngapi. Alipojibiwa alinyamaza muda mrefu. Mimi nilimwambia, "Baba, si mashine tuliyokuja kuona. Ni ile kupima."

Kisha mwalimu akatueleza kwamba kinga huanza shambani. Wana kitu wanachomwaga kati ya mistari mahindi yakiwa bado hayajatoa maua. Ni punje zilizopakwa ukungu wa jamii ile ile, lakini usio na sumu. Ukungu huo mzuri unajaza nafasi, na ule mbaya unakosa mahali pa kukaa. Italia wanakiita AF-X1. Niliuliza, na sisi tutapata wapi kitu kama hicho? Binti akacheka. Akasema, "Mama, chetu kinaitwa Aflasafe KE01, na kinatengenezwa Katumani."

Katumani! Pale pale Machakos, ambako tumekuwa tukinunua mbegu tangu mama zetu. Nilivuka bahari nikaambiwa nirudi Katumani. Kipimo ni kilo 4 kwa eka, hutawanywa kwa mkono wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa mbelewele, ardhi ikiwa na unyevu. Sisi tumelima miaka hii yote umbali wa saa chache na hatukuwa tumeuliza. Afisa wa kilimo yuko hapa, na atasema bei ya msimu huu na jinsi vikundi vinavyoweza kuagiza pamoja.

Tulikula ugali huko, mkitaka kujua. Wanauita polenta. Ni unga wa mahindi wa manjano, laini kuliko wetu, na huliwa na nyama au jibini. Mama mzee mmoja pale alituambia kwamba zamani maskini wa upande ule walikula polenta peke yake, asubuhi na jioni, na wakapata ugonjwa unaoitwa pellagra. Ngozi huchubuka, tumbo huharibika, akili hupotea, na mwisho mtu hufa. Madaktari wao walibishana miaka mingi kama ni ukungu au ni njaa. Mwaka 1902 serikali yao ilitunga sheria juu ya ugonjwa huo, mwaka ule ule wale wamisionari wanne walipofika Tuthu. Baadaye ikajulikana kwamba unatokana na kukosa vitamini iitwayo niasini, ambayo mtu mwenye kula mahindi matupu haipati. Nilimweleza juu ya muthokoi na isyo, jinsi tunavyochanganya mahindi na maharagwe au kunde. Akasema bibi zetu walikuwa na akili. Ninawaambia hivi kwa sababu naona nyumba nyingi siku hizi maharagwe yanauzwa yote, na watoto wanabaki na ugali na sukuma ya kuonja.

Hebu nirudi kwa woga wangu, maana sijaumaliza.

Usiku wa mwisho tulikaa watatu katika chumba cha masista. Nilimuuliza binti wazi, utarudi au hutarudi? Mzee alitazama dirisha. Binti alisema atarudi Februari, kwa sababu digrii yake iko Kenya, na asiporudi hana digrii, ana muhula mmoja tu. Lakini akasema akimaliza angetaka kurudi Torino kwa shahada ya pili, miaka miwili, ajifunze kazi hii ya sumu mpaka aijue kabisa. Mimi nililia kidogo. Mzee akauliza nani atalipa.

Jibu lake ndilo nataka wazazi wenye watoto wa chuo walibebe. Mikoa ya Italia hutoa msaada wa masomo kwa kuangalia mapato ya jamaa, hata kwa watoto wa nchi za nje. Hawaangalii rangi wala pasipoti. Kwa mwanafunzi anayeishi mbali na kwao, na jamaa yake ni ya mapato madogo kabisa, msaada unaweza kufika karibu euro 7,000 kwa mwaka, ingawa sehemu yake huweza kukatwa kwa ajili ya bweni na chakula. Sikusema kila mtu anapata. Ni mashindano, na mwaka wa pili lazima uwe umefaulu idadi fulani ya masomo ndipo uendelee. Lakini jambo la kuchekesha ni hili. Mara nyingi kinachomwangusha mtoto wetu si alama, ni karatasi za mzazi. Wanataka kujua jamaa ina watu wangapi, walipata pesa ngapi mwaka fulani, wana ardhi gani na nyumba gani, wana akiba gani benki. Yote yawe na mhuri, yatafsiriwe Kiitaliano na kuthibitishwa. Mzazi asiyeandika mauzo yake ya ndengu, asiye na hati ya shamba kwa sababu bado iko kwa jina la marehemu babu, huyo atakimbia kwa chifu na ardhi na benki mpaka tarehe ipite.

Sisi shamba letu lilikuwa kwa jina la babake mzee. Tumeanza kulibadilisha. Mashemeji wawili wamekubali, mmoja bado. Hilo ni jambo la nyumbani na sitalieleza hapa, lakini mjue kwamba barua moja kutoka Italia imeamsha kesi iliyolala miaka ishirini.

Juu ya pesa ya kikundi, maoni yangu ni haya, na mnaweza kuyakataa. Mkopo wa kikundi usitumike kwa wazazi kwenda kutembea. Mimi nimeutumia na nimeulipa, lakini nina mzee mwenye pensheni. Mama asiye na pensheni angeulipa kwa chakula cha watoto. Lakini mkopo wa karatasi za mtoto, yaani pasipoti, tafsiri, mihuri, kibali cha kukaa, huo naona ufaa, ukiwa na kikomo na wadhamini wawili. Mwenyekiti ameweka jambo hilo kwa ajenda ya mwezi ujao. Mje na fikira zenu, msije na fitina.

Binti alirudi Februari kama alivyosema. Masomo yake yote yalihesabiwa. Sasa yuko mwaka wa mwisho.

Basi tufanye kazi. Ile mashine hatuna, lakini kupima kunawezekana. Hapa nina debe la mahindi yangu ya msimu uliopita, na hapa nina chupa tatu za kioo zilizokauka zenye vifuniko, na chumvi niliyoianika jua kali jana. Tutatia mahindi kiasi cha nusu chupa na chumvi vijiko vichache, tutatikisa vizuri, tutaacha dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi yana maji mengi na hayafai kuingia ghalani, yarudi kwenye turubai. Ikianguka chini yote, yamekauka. Kipimo hiki hakionyeshi sumu, mnisikie vizuri. Kinaonyesha maji peke yake. Mahindi yenye ukungu au yaliyobadilika rangi tutayatoa kando, na hayatapewa kuku wala ng'ombe.

Kila kikundi kitoe watu wawili waje hapa mbele. Kina mama wa Ekalakala waanze, wana safari ndefu.